Orodha ya Jumamosi

Lifti namba tatu ilikuwa imekwama tangu alfajiri, na ukumbi wa chini wa hospitali ulikuwa umejaa hadi mlangoni. Manesi wa zamu ya usiku wanatoka, wa mchana wanaingia, wagonjwa wa viti vya magurudumu wamepangwa ukutani, na kila mwenye mkono mzima ameshika kahawa ya barafu, maana huku kwetu Providence, mji wa Marekani, hata theluji ianguke watu hawaiachi kahawa ya barafu. Katikati ya msongamano huo fundi mmoja mrefu, mweusi, ovaroli ya buluu imemkaa vizuri mabegani, alikuwa amepiga magoti mbele ya mlango wa lifti, tochi mdomoni, vifaa vyake vimezagaa njia nzima.

"Samahani kaka, naomba nipite. Nachelewa."

Fundi akatoa tochi mdomoni, akamtazama nesi aliyesimama juu yake. Sare ya kijani, nywele nyeusi zimefungwa ovyo, macho ya mtu asiyelala, na shingoni darubini.

"Unachelewa kwenda kumpeleleza nani, dada?"

"Nini?"

"Hiyo darubini. Mume kakukosea?"

"Sina mume. Naenda baharini kuangalia ndege, vitwitwi. Wameanza kushuka kutoka kaskazini."

"Vitwitwi ni wa chini. Mimi naangalia wa juu." Akanyoosha kidole kuelekea katikati ya mji. "Kuna kozi wawili, ndege wawindaji, kwenye lile jengo refu la zamani. Nikiwa paani kwenye mashine za lifti wananipita hapa usoni, mpaka nasikia upepo wa mbawa."

"Unanidanganya."

"Jumapili nina kazi huko. Njoo. Ukikuta nimedanganya, nisukume."

Leonor Medeiros alikuwa na miaka thelathini na tisa, binti wa Wareno waliohamia kutoka visiwani, na kwa muda mrefu hakuwa amecheka kabla ya kifungua kinywa. Siku hiyo alicheka. Jumapili akapanda paani, kozi wakampita usoni, akasahau hata kuinua darubini. Wendell Oakes, ndilo jina la fundi, hakuwatazama kozi kabisa. Alikuwa akimtazama yeye.

Mimi ninayesimulia ni mwanachama wa klabu yao ya kutazama ndege. Miaka mitatu nimetembea nyuma yao kila Jumamosi kwenye hifadhi ya Halsey Neck, suruali tumezichomeka ndani ya soksi kwa kuogopa kupe, na nimewasikia wakitaniana mpaka nikachoka. Leonor ndiye aliyekuwa kiongozi wa matembezi. Wendell alikuja kwa ajili yake, akabaki kwa ajili yetu. Hakuwa na ndugu mjini. Mama yake alikufa, dada yake yuko mbali. Sisi ndio tulikuwa watu wake. Yeye ndiye aliyembebea Bi Prudence, mzee wetu kuliko wote, kiti chake, ndiye aliyetengeneza daraja la mbao la kwenye kinamasi kwa mikono yake, ndiye aliyejua nani ana sukari na asipewe mkate mtamu.

"Laazizi, kule kushoto, juu ya mti mkavu," Leonor alikuwa akisema.

"Furukombe."

"Nimekuuliza jina? Nimekwambia tazama."

"Nimetazama. Nimeona furukombe, nimeona na mwanamke anayenigombeza mbele za watu."

"Huyo wa pili usimwandike."

"Yeye ndiye wa kwanza kwenye orodha, mpenzi. Kila siku."

Wakachumbiana mwezi wa Machi. Harusi ikapangwa Oktoba, baada ya ndege kumaliza kupita. Sisi watu wa ndege hata harusi zetu tunazipanga hivyo.

Sasa nisikilize vizuri kuhusu orodha, maana balaa lote liko hapo. Kwetu ukitoka kutembea unaandika kila ndege uliyemwona, wangapi, na wapi. Unaandika kwenye simu, na orodha inawafikia wote mliotembea pamoja. Hupunguzi, huongezi. Mtu anayeandika ndege ambaye hakumwona ni mwongo, hatumwamini tena hata akisema kumekucha. Lakini kuna ndege mmoja mmoja ambaye unamwandika kisha unamficha, asionekane na mwingine yeyote. Huyo ni yule mwenye kiota, yule ambaye watu wenye kamera kubwa wakisikia habari zake watamjia kama nzi kwenye mzoga.

Alhamisi moja ya mwisho wa Agosti, Leonor na Wendell walimwona ndege wa namna hiyo. Mpakani mwa hifadhi kuna ghala la majani makavu la mkulima mmoja mzee, na ndani ya ghala, juu ya boriti, alikuwa amekaa bundi wa ghalani, uso mweupe kama sahani, na nyuma yake vifaranga wanne. Katika jimbo letu hili dogo, bundi hao walikuwa hawajazaa kwa miaka mingi. Mkulima alimwambia Leonor, "Mama, wewe nakuamini. Watu wengine sitaki." Leonor akamshika mkono, akaahidi.

"Bibi yangu alikuwa akisema bundi akikutazama, kuna jeneza njiani," alimwambia Wendell walipokuwa wakirudi kwenye gari.

"Bibi yako alisema pia usiolewe na fundi."

"Hakusema hivyo. Alisema usiolewe na mtu wa kupanda juu juu."

"Basi nitashuka. Nisimwambie mtu?"

"Hata kivuli chako usikiambie, Wendell. Tunajua wawili tu, mimi na wewe."

Jumamosi tukatembea kama kawaida, watu ishirini na wawili, joto la kuchemsha ubongo, mbu hawana huruma. Leonor alikuwa ametoka zamu ya usiku. Aliporudi nyumbani kwake macho yalikuwa hayafunguki, na alikuwa anaingia kazini tena jioni. Ilipokaribia saa tisa alasiri alifanya alichokuwa akifanya siku zote akichoka: badala ya kuandika orodha mpya, alichukua ya Alhamisi, akabadili idadi, yangeyange kumi na wanne badala ya tisa, vitwitwi mia mbili badala ya themanini, akaituma. Akazima mlio wa simu, akalala.

Alisahau kumwondoa bundi. Na orodha ilipokuwa mpya, kule kuficha kukafutika. Ikatufikia wote, "bundi wa ghalani mmoja, vifaranga wanne," na alama ya mahali.

Wendell aliiona akiwa kazini, kwenye ngazi za jengo fulani. Akampigia Leonor, hakupokea. Akapiga tena. Akakumbuka kwamba analo neno lake la siri, maana mara nyingi yeye ndiye aliyekuwa akimwandikia orodha Leonor akiendesha gari. Akaingia, akamfuta bundi, akaacha wengine, na kwenye simu zetu akafutika kabla hatujafungua. Zilikuwa zimepita dakika kumi na moja. Akakaa kwenye ngazi, akashukuru Mungu, akaamini hakuna aliyeona. Hata hakuona haja ya kumwambia Leonor. Alijua wasiwasi wake. Angekesha akijilaumu kwa jambo lililokwisha.

Jumapili asubuhi wakafika watu arobaini na kamera zao. Walikanyaga shamba, wakavunja kitasa cha ghala, mmoja akaweka ngazi kwenye boriti apate picha ya karibu. Bundi mkubwa akatoka mchana kweupe, kunguru wakamfukuza mpaka ng'ambo ya mto, hakurudi. Jumatano mkulima alimpigia simu Leonor. Vifaranga watatu walikuwa chini kwenye majani, wamekufa. Wa nne alikuwa bado anapumua, akafia mikononi mwa Leonor, ndani ya taulo.

Leonor akafungua orodha zake kutafuta alikokosea. Wa Alhamisi alikuwa bado amefichwa, na ya Jumamosi haikuwa na bundi, maana alishafutwa. Alichoona ni kwamba Jumamosi, saa tisa na dakika chache, simu ya Wendell iliingia kwenye akaunti yake, akadhani alikwenda kuchukua alama ya ghala awape wenye kamera.

Akampigia.

"Uliingia kwenye orodha zangu Jumamosi?"

"Niliingia. Leonor, ngoja nikueleze..."

"Uliingia au hukuingia?"

"Niliingia, mpenzi, lakini..."

"Tulijua wawili. Wawili tu. Ulimuuzia nani sifa? Wale jamaa zako wa kamera?"

"Mimi?"

"Amekufia mkononi mwangu, Wendell. Alikuwa mwepesi kama pamba. Usinipigie tena. Usije nyumbani, usije kwenye matembezi. Oktoba haipo."

Hapo ndipo angeweza kusema. Nimefikiria sana kwa nini hakusema. Alimsikia analia, akajua kwamba neno moja tu, "ni wewe," lingemmaliza kabisa. Akaona bora abebe yeye kwa siku mbili tatu, mpaka atulie, kisha atamuuliza kwa upole na wao wawili watayamaliza. Siku mbili zikawa wiki. Hakuulizwa. Barua ya klabu ndiyo iliyomfikia kwanza, ikimwomba asije tena. Sahihi yangu ilikuwemo. Naona haya kuisema, lakini ilikuwemo, na sikusita hata dakika.

Mwaka ukapita. Wendell tulimwona mara moja moja mjini, tukavuka barabara kumkwepa.

Jumamosi ya mwisho ya Agosti mwaka uliofuata tulitembea tena Halsey Neck. Leonor aliongoza, amekonda, amevaa shati la mikono mirefu lililofifia, anataja ndege kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya dawa. Mbayuwayu walikuwa maelfu juu ya vichaka, wanajikusanya kwa safari, na hakuna aliyesema ni wazuri. Bi Prudence Sayles alikuwa amerudi. Bibi huyu ana miaka themanini na minne. Mwaka uliopita, siku ile ile baada ya matembezi, alianguka bafuni akavunjika nyonga, akachukuliwa na binti yake Florida, na huko akakaa mpaka Julai. Mambo ya bundi hakuyasikia, na mgonjwa hapelekewi habari za misiba.

Kila tukimaliza kutembea tunakaa kwenye meza za mbao chini ya paa la mapokezi, tunagawana mkate mtamu, na kiongozi anasoma majina mmoja mmoja huku sisi tunaitikia.

"Korongo wa buluu."

"Sita."

"Yangeyange."

"Kumi na mmoja," nikasema.

"Mwaka jana walikuwa kumi na wanne," akasema Bi Prudence. Alikuwa na faili mapajani. Bibi huyu haamini simu. Orodha ikimfikia tu, mashine yake inaichapa papo hapo, anaitia kwenye faili. "Vitwitwi mwaka jana mia mbili. Mwaka huu naona mmepungukiwa. Na bundi wangu je?"

Leonor akainua kichwa. "Bundi gani, Bi Prudence?"

"Wa ghalani. Si uliandika mwenyewe? Mmoja, vifaranga wanne. Hii hapa, mwanangu, jina lako juu. Saa nane na dakika hamsini na nne." Akageuza karatasi ili aione. "Nilimwonyesha mpwa wangu alipokuja na chakula, yule wa kupiga picha. Alifurahi mtoto wa watu, nikamwona anawapigia wenzake simu. Nilianguka usiku ule, kwa hiyo sikujua kama waliwapata."

Leonor aliichukua ile karatasi. Akaisoma mpaka chini, akarudi juu. Tuliona anaielewa, mstari kwa mstari: saa yake mwenyewe, dakika kumi na moja kabla ya ile Wendell aliyoingia.

"Waliwapata," akamwambia Bi Prudence, taratibu, bila ukali. Kisha akasimama. "Nisikilizeni. Ni mimi. Ni mimi niliyewaua, siyo Wendell. Wendell aliingia kunifutia. Nimemharibia mtu jina kwa kosa langu, na ninyi mliniamini."

"Leonor, kaa kwanza," mtu mmoja akasema.

"Sikai. Nikikaa mtaanza kunipa pole."

Akaenda kwenye gari. Akampigia Wendell. Alijaribu mara tatu.

"Haloo," akasema Wendell. Nyuma yake vyuma vilikuwa vinagongana.

"Ni mimi."

"Najua."

"Uko wapi?"

"Kazini. Lile jengo la wazee, mtaa wa Broad. Kuna nini?"

"Bi Prudence aliichapa."

Vyuma vikanyamaza. Wendell akasema, "Kumbe ni yeye. Mwaka mzima nimekuwa nikijiuliza ni nani."

"Nakuja."

"Usije, Leonor."

Akaenda. Alimkuta kwenye ukumbi wa chini, mlango wa lifti uko wazi nusu, ovaroli ile ile, mvi zimemwingia kwenye ndevu. Bibi mmoja mwenye mifuko ya vyakula alikuwa ameketi kwenye kiti akingoja lifti, na hakuwa na nia ya kuondoka.

"Kwa nini hukuniambia?" Leonor akauliza.

"Nilianza. Hukumbuki? Nilisema ngoja nikueleze."

"Baadaye. Ungenijia. Ungenipiga hata kofi nisikilize."

"Ulikuwa umemshika yule mdogo kwenye taulo. Nikwambie nini? Kwamba ni wewe?" Akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Nikasema ataniuliza. Akitulia ataniuliza, Wendell, ilikuwaje? Neno hilo tu. Nilikuwa nakula na simu mezani. Mwezi wa pili nikaanza kukasirika. Mwezi wa sita nikachoka hata kukasirika."

"Nisamehe."

"Bundi nimekusamehe siku ile ile. Na mimi nina langu. Orodha ilikaa wazi dakika kumi na moja. Ningekwenda kusimama mlangoni mwa ghala Jumapili, wasingeingia. Nilijiaminisha hakuna aliyeona. Kwa hiyo tuko sawa kwenye bundi."

"Basi turudi. Wendell, mpenzi wangu, nakuomba. Harusi hata kesho. Nitakwenda kwa kila mmoja wao, nitapiga magoti."

Bibi wa mifuko akainamisha kichwa, akajifanya anatafuta kitu.

"Nakupenda," akasema Wendell. "Sitakudanganya, nilipoona jina lako kwenye simu nusura nianguke humu shimoni. Lakini uliniamini miaka mitatu, na ulinikataa kwa dakika moja. Hata dakika moja haikufika. Sasa mimi nikichelewa kurudi nyumbani siku moja, nitapanda ngazi nikiwa najitetea moyoni. Nikiona umekunja uso, nitajiuliza leo nimeua nani. Siwezi kuishi hivyo, Leonor. Nimejaribu kujiona nikiishi hivyo, hapa hapa, ulipokuwa njiani. Siwezi."

"Hata nikisubiri?"

"Usinisubiri."

Leonor alilia kwa sauti, amesimama, hakujificha. Wendell alisogea, akamkumbatia, na grisi ikaingia kwenye lile shati lililofifia. Walikaa hivyo mpaka bibi akauliza kwa unyenyekevu kama lifti itapona leo, maana ana maziwa kwenye mfuko. Wendell akasema itapona, mama, dakika chache. Akarudi kupiga magoti mbele ya mlango.

Wiki ile simu zilipigwa kila upande. Mimi pia nilimpigia Wendell kumwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kisha akaniuliza kama daraja la kinamasini limeshikilia. Nikamwambia ubao mmoja umelegea. Akasema basi atakuja na nyundo.

Jumamosi saa moja asubuhi alikuja. Watu walimzunguka kwenye maegesho, wengine hawajui wamshike mkono au wamkumbatie, Bi Prudence amemng'ang'ania kiwiko na kulia. Wendell alikuwa akiwatuliza. Nilimwona anacheka, kidogo, kama mtu anayejaribu mguu uliotoka kwenye plasta.

Gari la Leonor likaingia. Halikuzimwa. Alitutazama kupitia kioo, na Wendell akamwona, akatoka katikati ya watu akamwendea. Mimi nilikuwa karibu, nikasikia.

"Shuka," Wendell akasema. "Mahali ni pakubwa. Tutatembea tu."

"Nikishuka, nusu yao watakaa kwako, nusu kwangu. Halafu utaacha kuja. Nakujua."

"Leonor."

"Maji yanapwa saa tatu. Wapeleke bwawa la mwisho kwanza, vitwitwi watakuwa huko. Na Bi Prudence asisimame sana." Akampa kupitia dirishani ubao wake mdogo wa kuandikia ndege njiani, na kalamu iliyofungwa kwa uzi. "Waongoze wewe. Hawa ni watu wako."

"Na wewe utakwenda wapi?"

"Nyumbani. Nimetoka zamu."

Wendell alisimama na ule ubao mkononi huku gari likirudi nyuma. Kwenye lango Leonor ilibidi asubiri sana kabla ya kuingia barabarani. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya kiangazi, na mji mzima ulikuwa ukielekea baharini.